Nyayo Nyuma ya Gulio la Lyulilo

Kila Jumamosi ufukwe wa Lyulilo, kwenye Ziwa Nyasa, hujaa vyungu. Mitumbwi hutoka Ikombe ikiwa imesheheni mitungi na vyungu vya kupikia, vyote vimefinyangwa kwa mkono na wanawake wa Kikisi, bila gurudumu. Wanyakyusa wa bonde la Kyela huja na mchele na ndizi, Wakinga hushuka milimani na viazi. Samaki wapo, mbasa na usipa. Nyama ya porini haipo, au kama ipo haionekani. Mgeni anayepiga picha hulielekea ziwa na kuupa mlima kisogo, kisha huondoka akidhani ameyaona maisha yote ya watu wa hapa.

Mlima wenyewe haujifichi. Uso wa Ziwa Nyasa uko karibu mita 500 juu ya usawa wa bahari; ukiacha maji tu, ardhi inasimama wima, na haitulii mpaka imepita mita 2,000. Ndani zaidi, kilele cha Mtorwe kinafika mita 2,961. James Frederic Elton, balozi mdogo wa Uingereza, alipofika kaskazini mwa ziwa mwaka 1877 aliupa ukuta huu jina la Livingstone, na wachora ramani wakalifuata. Mtu anayewinda hawezi kuridhika na jina moja kubwa namna hiyo. Humwambii mwenzako akusubiri "mlimani". Unamtajia kijito, genge na mti.

Wanyama nao wamegawana huo ukuta. Chini, kwenye vichaka vinavyopakana na mashamba, ni kwa nguruwe mwitu, nyani, nungunungu na pongo. Juu yake umetanda msitu wa ukungu, ambamo hupita funo, mbega wenye manyoya meusi na meupe, na minde, paa mkubwa mweusi wa msituni asiyepatikana nchi yoyote duniani isipokuwa Tanzania. Penye magenge anaruka mbuzi mawe. Juu kabisa msitu unakoma na nyasi za Kitulo zinaanza, nchi baridi ya maua na tohe. Bondeni, kwenye matete ya mito ya Lufilyo na Mbaka, wapo ndezi, ambao hawana sifa ya ushujaa wowote ila mchuzi wao unasifiwa.

Ni rahisi kuandika habari za uwindaji kana kwamba ni habari za mashujaa na mikuki. Kwa mteremko huu naona chanzo chake ni muhogo. Wakisi ni watu wa maji kwanza, na ardhi waliyoachiwa kati ya mwamba na mawimbi ni finyu. Mihogo hupandwa kwenye kingo ambazo mtu hulima huku ameshika mti. Nguruwe mwitu huja usiku kwa kundi, hufukua mistari mizima, hula kidogo na kuharibu kingi. Kukicha nyani huchukua zamu. Kwa hiyo uwindaji mwingi wa hapa ulikuwa tawi la kilimo. Aliyetega tanzi kwenye ukingo wa shamba hakwenda kutafuta nyama. Alikwenda kuokoa chakula, na nyama ikawa fidia.

Shule ya kazi hiyo ilikuwa dungu. Kijana anayelinda shamba juu ya dungu huwajua wanyama kabla hajashika silaha yoyote. Husikia nguruwe anayechimba, akamtofautisha na nungunungu anayetafuna. Pongo anapobweka, kwa ule mlio mkavu unaofanana na wa mbwa, hujua kuna kitu kimemshtua, na hujiuliza kama ni chui au ni mtu. Asubuhi hushuka na kuukagua ukingo: kwato zimeingilia wapi, zimetokea wapi, mavi yana umande au yamekauka, tope la mahali walipogaagaa limebaki na unyevu kiasi gani. Baada ya msimu mmoja wa namna hiyo, kijana anakuwa na ramani kichwani ambayo hakuna ofisi iliyomchorea.

Juu ya hayo kuna upepo, na hapa ndipo nchi ya ziwa inapokuwa na kanuni zake. Mchana ardhi hupata joto kuliko maji, hewa hupanda kutoka ziwani kwenda juu ya mteremko. Usiku mambo hugeuka, baridi ya mlima hushuka kuelekea ziwani. Anayeanza kupanda jua likiwa limechomoza vizuri hutanguliwa na harufu yake mwenyewe, na kila chenye pua huko juu hupata habari zake mapema. Mwenye akili hupanda gizani, upepo ukimjia usoni, ili jua litakapowaka awe tayari juu ya wanyama, na hewa inayopanda imletee yeye habari zao. Sehemu kubwa ya uwindaji wa mlimani ni hiyo, kuchagua saa na upande. Kurusha mkuki ni dakika moja ya mwisho.

Wenzetu wa mbali wanayajua hayo kwa njia nyingine. Katika milima ya jangwa la Arizona, Marekani, wapo wawindaji wa aina ndogo ya kulungu wa mkia mweupe, aliyepewa jina la Elliott Coues, daktari wa jeshi na mtaalamu wa ndege wa karne ya 19. Mwindaji wa kule huketi juu ya jabali na darubini kwa saa nyingi akiuchambua mteremko wa mbele yake kichaka kwa kichaka, kwa sababu nchi iko wazi na mnyama ana rangi ya mawe. Mleteni mtu huyo kwenye msitu wa Livingstone na darubini yake itamwonyesha majani. Huku kazi ya jicho ni ndogo, ya sikio na ya kiganja kinachopima ubaridi wa malazio ni kubwa. Na pale jicho la mtu linaposhindwa, pua ya mbwa huendelea: mbwa humtoa mnyama kwenye kichaka, watu wenye mikuki humsubiri penye kijia ambacho hana budi kukipita. Kijia hicho hakibahatishwi. Kimepelelezwa kwa siku nyingi.

Mnyama akishaanguka, inaanza sehemu ngumu kuliko zote, nayo ni kugawa. Kanuni ya aliyemchoma kwanza, aliyemchoma pili, mwenye mbwa na aliyebeba, imeenea karibu kila mahali katika Afrika Mashariki. Kwa Wanyakyusa iliongezwa uzito wa pekee. Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti huku kati ya mwaka 1934 na 1938, waliwakuta watu ambao vijana wao waliondoka mapema kwenye boma la baba na kujenga kijiji chao, rika moja, wakilala pamoja na kula pamoja. Katika kitabu chake cha mwaka 1951, Good Company, Monica aliandika jinsi uchawi ulivyohusishwa na uroho wa nyama: mchawi alisadikiwa kubeba chatu tumboni, na chatu huyo huamshwa na hamu ya chakula cha jirani. Chukulia hapo moshi wa nyama ya pongo unaopanda jioni kwenye nyumba moja, na nyumba nyingine kumi zinanusa. Mwenye nyama hahitaji kuhubiriwa ukarimu. Anajua ni pua za nani zimefikiwa na moshi wake. Mimi sioni haja ya kuupamba ugawaji huo kwa maneno ya upendo pekee. Ndani yake mlikuwa na hofu, na hofu hiyo ilishibisha watu wengi.

Ugawaji ulizaa hata utawala. Masimulizi ya Unyakyusa husema ukoo wa machifu ulishuka kutoka Ukinga, juu ya ukuta huuhuu, ukaleta moto na ng'ombe kwa watu waliokuwa wakila nyama mbichi. Kule Iringa, nasaba iliyomzaa Mkwawa, chifu wa Wahehe, inamtaja mwasisi wake Mfwimi, mwindaji mgeni aliyeingia nchini na kuacha mbegu ya ufalme. Usambara wana Mbegha, aliyeandikwa na Abdallah bin Hemedi katika Habari za Wakilindi: mwindaji wa nguruwe mwitu aliyewakomboa Washambaa na waharibifu wa mashamba, akawapa nyama, wakampa vyakula vya shamba, mwishowe wakampa nchi. Masimulizi hayo yanatoka nchi mbalimbali, lakini hoja ni moja: anayejua mapito ya nguruwe, na anayegawa asibague, anafaa kukaa juu ya watu.

Kisha ikaja mamlaka iliyogawa kwa karatasi. Mwaka 1893 Mjerumani Hermann von Wissmann alilifikisha ziwani jahazi la moshi lenye jina lake, na kituo cha Wajerumani kikawa Langenburg, kwenye pwani hii ya Wakisi, kabla hakijahamishiwa Tukuyu. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1896, akiwa gavana, Wissmann huyohuyo alitia saini sheria ya uwindaji ya koloni zima na kuleta leseni. Waingereza wakaendelea na mtindo huo, na Tanzania huru ikatunga sheria zake, ya mwaka 1974 na ya mwaka 2009. Mwaka 2005 Kitulo ikawa hifadhi ya taifa, kwa ajili ya maua yake hasa. Silipingi hilo, minde hangesalimika kwa hisani ya matanzi. Ila watu waliokuwa na ramani vichwani waliamka siku moja wakaitwa majangili, na ujuzi wao ukawa jambo la kuficha mbele ya mgeni.

Kwamba ujuzi huo haukufa, ulimwengu ulikuja kujua kwa njia ya ajabu. Mwanzoni mwa mwaka 2003 watafiti waliokuwa wakihojiana na wawindaji wa Kinyakyusa kuzunguka Mlima Rungwe walitajiwa kima mmoja mwenye haya, kipunji. Walisitasita, maana katika masimulizi ya msituni viumbe wa kweli na wa kufikirika huishi pamoja. Kabla mwaka haujaisha Tim Davenport na wenzake, wakiwemo Noah Mpunga na Sophy Machaga, walimwona vizuri katika msitu wa Livingstone, na mwaka 2005 akatangazwa kuwa spishi mpya kwa sayansi, kwa ushahidi wa picha. Mwili ulipatikana baadaye: kipunji aliyekufa kwenye mtego wa mkulima, ukingoni mwa shamba la mahindi. Uchunguzi wa mwili huo ndio uliowafanya wataalamu mwaka 2006 wampe jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus, jenasi mpya ya kwanza ya kima wa Afrika tangu mwaka 1923. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2008 iliwapata 1,117 tu.

Mtego wa mkulima, basi, ndio uliotuletea jina la jenasi, na ndio unaoweza kummaliza mwenye jina. Waya wa tanzi haupelelezi. Mzee aliyefuata kwato alijua anamwinda nani, dume au jike mwenye mimba, na aliweza kurudi nyumbani bila kitu; waya uliofungwa na kusahauliwa hunasa minde, mbwa wa jirani na kipunji kwa usawa. Nikilazimishwa kuchagua kati ya mkuki na waya, nachagua mkuki, na naona sheria imekosea kuviweka kwenye kapu moja.

Na mihogo bado inafukuliwa. Kifuta jasho cha serikali kiliwekwa kwa ajili ya hasara za wanyama hatari, kama tembo, kiboko na mamba. Nguruwe mwitu hamo. Mwenye shamba hupeleka habari kwa ofisa wanyamapori, naye aje kutoka mbali, kwa barabara ya vumbi na baadaye kwa mguu au mtumbwi, akute nyayo za juzi. Tangu mwaka 2020 zipo kanuni zinazoruhusu bucha za nyamapori zenye leseni, lakini bucha huhitaji friji, na friji huhitaji mtaji. Mkulima wa mteremko wa Ikombe ana panga, mbwa wawili na dungu. Usiku wa Ijumaa, mkewe akipanga vyungu vya gulio la kesho, yeye hupanda dunguni na kusikiliza upande upepo unakotokea.