Tiba Isiyojua Sikukuu

Kila siku asubuhi watu hufika katika Hospitali ya Mwananyamala, wilayani Kinondoni, na katika Hospitali ya Temeke, wakajipanga foleni mbele ya dirisha la dawa. Mmoja mmoja hupewa kikombe kidogo chenye dawa ya maji iitwayo methadoni, huinywa mbele ya mhudumu, kisha hushika njia yake. Hufanya hivyo siku za kazi na siku za mapumziko, hata Idi na Krismasi. Hao ndio wale ambao mitaani waliitwa mateja, na wengi wao wametumia heroini kwa miaka mingi. Leo twapenda kuzungumza habari zao, na zaidi ya hayo, wajibu wetu kwao.

Heroini, ambayo wenyewe huiita unga, ilianza kuenea katika pwani yetu miaka ya 1980. Mwanzoni ilivutwa kwa moshi au kuchanganywa na bangi katika sigara. Ilipofika karibu na mwaka 2000, vijana wa Kinondoni na Temeke, na wenzao wa Unguja na Mombasa, walikuwa wamekwisha kuanza kujidunga sindano. Sindano moja ilipita mikono mingi, na UKIMWI ukapata mlango mwingine wa kuingilia majumbani. Uchunguzi uliofanywa Dar es Salaam katika miaka ya 2000 ulionyesha kwamba, miongoni mwa waliojidunga, zaidi ya mtu mmoja katika kila watatu alikuwa na virusi vya ugonjwa huo, na wanawake waliathirika zaidi ya wanaume.

Wapo wasemao kwamba teja ni mtu mpotovu, na kwamba angetaka kuacha angeacha. Kauli hiyo haikubaliani na ukweli. Mwili uliozoea heroini huidai kila baada ya saa chache. Usipoipata, huja ile hali wanayoiita arosto: mifupa huuma, tumbo huharisha, jasho la baridi hutoka, na usingizi hutoweka. Mtu wa namna hiyo hatafuti tena starehe, atafuta nafuu. Ndiyo maana huuza viatu vyake, kisha sufuria za mama yake, na mwisho huiba. Kumpiga hakumtibu, na kumfunga peke yake hakumtibu. Tena yupo hatarini zaidi anapotoka kifungoni, kwani mwili umekwisha kusahau unga, naye akirudia kipimo chake cha zamani huweza kufa.

Serikali iliuona ukweli huo. Mwezi Februari 2011, Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni, ikawa kliniki ya kwanza ya umma ya aina hiyo katika nchi za bara la Afrika zilizo kusini ya Sahara. Mwananyamala na Temeke zikafuata, na mwaka 2015 huduma ikafika Unguja, katika Hospitali ya Kidongo Chekundu. Dawa yenyewe hutolewa bila malipo.

Wako wanaouliza: je, huku si kumtoa mtu katika ulevi mmoja na kumtia katika mwingine? Swali ni la haki, nalo lastahili jibu. Methadoni ni ya jamii moja na heroini, lakini hukaa mwilini muda mrefu. Dozi moja iliyopimwa vyema huzuia arosto kwa siku nzima, bila kumlewesha aliyekwisha kuizoea. Haidungwi, hivyo hakuna sindano ya kuambukizana. Aliyeinywa aweza kwenda kazini, akala na wanawe, na akalala usiku. Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha ya dawa muhimu tangu mwaka 2005. Wengine hupona kwa njia ya nyumba za upataji nafuu, ambazo Zanzibar imekuwa nazo kwa miaka mingi, na ambako waliokwisha kuacha huwaongoza wanaoanza. Njia hizi mbili si mahasimu. Mgonjwa apewe ile inayomfaa.

Hata hivyo, kikombe peke yake hakitoshi. Fikirini mtu akaaye Mbagala asiye na kazi: kila siku ya Mungu yampasa kupata nauli ya kwenda na kurudi. Akikosa dawa siku kadhaa mfululizo, hulazimika kuanza tena kwa kipimo cha chini, na katika siku hizo unga humwita. Akikamatwa na kuwekwa mahabusu, dawa yake nani humpelekea? Mwanamke naye huona haya kusimama katika foleni ya wanaume, akabaki amejificha.

Kwa hiyo twatoa rai kwa viongozi wetu wa Bara na Visiwani. Huduma isogezwe karibu na makazi ya watu, na dawa isikosekane hata siku moja, maana mgonjwa aliyetakiwa asikose naye ana haki ya kutokoswa. Polisi na magereza wapatane na hospitali ili aliyekamatwa asikatiziwe tiba. Mafunzo ya ufundi na kazi yaambatane na dawa, kwani mtu asiye na la kufanya mchana kutwa atarudi kijiweni kwa wenziwe wa zamani.

Nasi wananchi tuna sehemu yetu. Katika visiwa vyetu, ambako kila mtu anamjua mwenziwe, aibu ya familia huwa nzito, na wengi huona bora kumfungia kijana chumbani kuliko kumpeleka Kidongo Chekundu. Wazee walisema kwamba mficha maradhi kilio humfichua. Tuwatoe vijana wetu hadharani wakatibiwe.

Anayeteleza mara moja au mbili asihesabiwe kuwa ameshindwa, kwa sababu maradhi ya miaka kumi hayaondoki kwa wiki kumi. Ikiwa yeye aweza kuamka kila siku kwenda kunywa dawa, sikukuu na siku ya mvua, basi Serikali na majirani zake hawana udhuru wa kuchoka kabla yake.