Kifungo Kinachoanza Machi

Mvua za masika huingia Buganda mwezi wa Machi. Ndipo mahindi na maharage hupandwa, na kaya iliyopungukiwa mikono wiki hizo itayajua matokeo yake ghala litakapokauka. Mwanamume akihukumiwa miezi sita wakati huo kwa kuiba kuku au kwa kupigana kilabuni, mahakama imemwondoa shambani msimu mzima. Atarudi akute magugu mahali pa mavuno, na watoto wamerudishwa nyumbani kwa kukosa karo. Hati ya hukumu ina jina lake peke yake, lakini mkewe, watoto na jjajja, yaani bibi, aliyekuwa akimtegemea wamekitumikia kifungo hicho pamoja naye.

Sisi tunaokaa Kampala tumezoea kuyaona magereza kuwa jambo la mjini, kwa sababu ya Luzira. Gereza Kuu la hapo, karibu na gati la Port Bell, lilijengwa miaka ya 1920 kwa wafungwa wapatao 600, na leo limebeba mara kadhaa ya idadi hiyo. Lakini Uganda ina magereza zaidi ya 250, na mengi yako mashambani. Nchi nzima wafungwa wamepita 70,000, katika majengo yenye nafasi ya watu 20,000 hivi. Karibu nusu yao wako rumande, hawajahukumiwa kwa lolote.

Magereza mengi ya vijijini yana historia ambayo wazee bado wanaikumbuka. Yalikuwa ya tawala za wenyeji enzi za Waingereza, kisha ya serikali za wilaya baada ya uhuru. Humo ndimo walimotupwa walioshindwa kulipa kodi ya kichwa. Wanaume walikuwa wakikimbilia vichakani na kwenye mabwawa ya mafunjo waliposikia watoza kodi wanakuja, na aliyekamatwa alijikuta akilima bila ujira kwa sababu tu hakuwa na fedha. Kodi hiyo ilisitishwa mwaka 2005. Mwaka uliofuata Sheria mpya ya Magereza ikayaweka magereza ya wilaya chini ya Idara ya Magereza ya taifa. Mlango ulibadili mmiliki, ila jembe halikutoka mikononi mwa mfungwa.

Kwa kuwa idara hulima. Ina mashamba makubwa ya mahindi na pamba, na mahindi hayo ndiyo posho wanayokula wafungwa wenyewe. Kazi yenyewe sina ugomvi nayo. Katiba, katika ibara ya 25, inairuhusu kwa aliyehukumiwa. Ugomvi wangu ni juu ya nani analimishwa, na kwa faida ya nani. Mwaka 2011 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti baada ya kutembelea magereza 16 nchini. Lilikuta wafungwa wakipelekwa kulima mashamba ya watu binafsi na ya maofisa, wagonjwa na mahabusu wa rumande wakiwa miongoni mwao, na wanaochelewesha jembe wakipigwa.

Ripoti ile ilisomwa, na ilistahili kusomwa, kama habari ya mateso. Mimi huitazama pia kutoka upande wa pili wa ua. Kijiji kinachopakana na gereza kina watu wanaoishi kwa vibarua vya leja leja: mjane anayepalilia kwa mwenye nacho ili apate pesa ya sabuni na chumvi, kijana asiye na kibanja chake cha kulima anayelima kwa kipande. Mwenye shamba akiweza kupata kikosi cha wafungwa kwa malipo madogo, tena chenye nyampara wa kukisukuma, mjane yule hataitwa. Akiitwa, bei yake imekwisha kushushwa na watu wasioweza kuikataa kazi. Hivyo maskini wa ndani ya ua anatumiwa kumnyang'anya maskini wa nje mkate wake, na anayefaidi ni yule aliyekuwa na ardhi tangu mwanzo.

Wanaotoka mbali wana mzigo wa namna nyingine. Mfungwa wa kesi nzito huenda akaishia Luzira, na wazazi wake wako Arua au Kisoro, karibu kilomita 500 kutoka hapa. Nauli ya kwenda na kurudi ni mbuzi mmoja. Wakili ni kibanja. Nacho kibanja kikishauzwa hakirudi, hata kama mahakama itamwachia huru mtu huyo. Watoto hugawanywa kwa mashangazi na bibi. Shirika la Wells of Hope lilijenga shule kwa ajili ya watoto wa namna hiyo na huwapeleka kuonana na wazazi wao gerezani, lakini shirika moja haliwezi kukifikia kila kijiji.

Kijana aliyetoka shamba kuja kutafuta maisha mjini naye ananaswa kirahisi. Desemba 2022 Mahakama ya Katiba ilikifuta kifungu kilichoruhusu watu kukamatwa kwa kushukiwa uzururaji tu, na ilikuwa haki. Lakini kwa makosa mengine dhamana bado inataka wadhamini wenye vitambulisho na barua za mwenyekiti wa kijiji (LC1). Mdhamini wa kijana huyo yuko kwao kijijini, na hana nauli. Anabaki rumande kwa kosa ambalo mkazi wa Ntinda, hapa Kampala, angedhaminiwa akalala kwake jioni ileile.

Njia nyingine ipo tayari kisheria. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2000 inampa hakimu uwezo, kwa makosa ambayo adhabu yake haizidi kifungo cha miaka miwili, wa kumwacha mkosaji kwao akifanya kazi ya umma bila malipo: kulima bustani ya shule, kufyeka uwanja wa zahanati, kuchimba mtaro wa barabara. Anaonekana na wale aliowakosea, na kazi ikiisha anarudi kwake. Nawasihi mahakimu waitumie hasa kwa watu wa mashamba. Hata aliyeibiwa ana la kupata humo. Mahakama inaweza kuamuru afidiwe, na mwizi anayelala nyumbani kwake, mwenye jembe lake na migomba yake, ndiye anayeweza kweli kumlipa jirani kuku wake.