Upepo wa Mbio na Upepo wa Ukunda

Msimu wa Safari Rally ukifika, vijana wa bodaboda hukusanyika kwangu hapa Ukunda, wakakalia matairi mabovu na kutazama kwenye simu magari yakirusha vumbi Naivasha. Haliishi swali: "Fundi, zile zinatiwa upepo gani?" Wameshasikia habari ya naitrojeni, na wanajua Mombasa kuna wanaoiuza.

Mimi huanza na mpira, maana ndiko siri iliko. Tairi la Formula 1 la barabara kavu halina meno hata moja. Ni kipara kitupu. Ungelifunga kwenye matatu ya Msambweni, trafiki angekushusha. Lakini kwenye lami kavu meno hupunguza mpira unaogusa chini, na mpira ule, ukifika joto la nyuzi 100 hivi, hunata barabarani. Kampuni ya Pirelli huutia alama za rangi ubavuni. Mwekundu ni laini, una kasi lakini huisha upesi. Mweupe ni mgumu, hudumu. Wa manjano uko kati. Mvua ikinyesha huja wa kijani, na ikizidi, wa buluu, ambao kwa mwendo wa kilomita 300 kwa saa husukuma kando kama lita 85 za maji kila sekunde.

Rali ni mambo mengine. Tangu Safari irudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021, baada ya kukosekana tangu 2002, matairi yalikuwa ya Pirelli. Mwaka 2025 wakaingia Hankook wa Korea Kusini. Haya yana meno, na ubavu mnene wa kuhimili mawe. Gumu ni la mawe na ukavu, laini ni la tope. Likipasuka njiani, dereva na msomaji ramani wake hushuka wakabadilisha wenyewe, kwa hiyo hubeba spea moja au mbili. Zamani timu kubwa ziliweka ndani ya tairi duara la povu zito: upepo ukitoka, povu linavimba na gari linaendelea. Sheria ikalipiga marufuku mwaka 2008. Kwa ufundi, nalisikitikia.

Sasa upepo. Huu tunaovuta hapa Diani, asilimia 78 ni naitrojeni tayari. Na joto halibagui: tairi lenye psi 32 asubuhi, likipanda joto kwa nyuzi 30, litaongeza psi 4 hadi 5, uwe umetia naitrojeni au hewa kavu. Neno lenyewe ni hilo, kavu. Kompresa inayofanya kazi pwani hukusanya maji tangini, na maji yakiingia kwenye tairi, joto huyageuza mvuke. Tairi lenye matone ndani likifika nyuzi 80, mvuke peke yake huongeza karibu psi 6. Timu ya mbio inayogombania nusu ya psi haiwezi kuvumilia hilo, ndiyo maana wengi hupenda naitrojeni ya mtungi, isiyo na maji. Sheria za Formula 1 huruhusu hewa au naitrojeni, basi.

Penye haja ya kweli ni ndege kubwa. Mwaka 1986 ndege ya shirika la Mexicana ilianguka Mexico wakafa watu 167. Breki ilipata moto kupita kiasi, na tairi lililokuwa limejazwa hewa ya kawaida badala ya naitrojeni likalipuka angani. Oksijeni ndiyo iliyochochea.

Kwa gari lako, faida ni ndogo. Jarida la Consumer Reports la Marekani lilijaza matairi psi 30 likayaacha mwaka mzima: yenye hewa yalipoteza psi 3.5, yenye naitrojeni 2.2. Tofauti haifiki psi moja na nusu, na upepo wangu unaongezwa kwa dakika moja.

Kwa hiyo usinunue naitrojeni kwa ajili ya tuktuk. Mwambie fundi wako afungue koki ya chini ya tangi amwage maji kila asubuhi, kisha upime presha kabla tairi halijashika joto. Asiyemwaga maji, mhame.