Uso Hausomeki Peke Yake

Wahakiki wenzangu, tumezoea kuandika kwamba sura ya mhusika "inamtambulisha". Hebu tujiulize: inamtambulisha kwa nani?

Katika riwaya ya Nella Larsen, Passing (1929), Irene, Mmarekani mweusi mwenye ngozi nyeupe, ameketi katika hoteli ya wazungu mjini Chicago. Mwanamke mmoja anamkodolea macho. Irene anaingiwa na hofu: je, kanigundua? Kumbe ni Clare, mwenzake wa utotoni, mweusi vilevile! Irene, anayewabeza wazungu wanaodai kutambua rangi ya mtu kwa kucha na masikio, naye amedanganyika. Kiti cha hoteli kilitosha kumfanya Clare awe mzungu.

Wanasaikolojia wamelithibitisha jambo hili. Mwaka 2001 MacLin na Malpass walitumia nyuso zisizoelemea upande wowote, wakabadili nywele tu. Uso uleule ukaonekana wa mtu mweusi, au wa mtu mwenye asili ya Amerika ya Kilatini. Jinsia nayo je? Mwaka 2009 Richard Russell alichukua uso mmoja. Macho na midomo ilipokolezwa dhidi ya ngozi, watu waliona mwanamke. Ilipofifishwa, wakaona mwanamume.

Sisemi kwamba uso hauna lake. Nasema jicho humalizia lisichokiona. Basi tukikutana na "sura ya kizungu" au "sura ya kike" kitabuni, tusiipite hivihivi. Tuulize nani anatazama, na alitarajia kumwona nani.