Utani Unafundishika?

Muulize kijana mwenye usonji pale Shela, Malindi, "Za nyumbani?" na huenda akakupa zote jinsi zilivyo: maji yamekatika tangu Jumanne, nyanya anaumwa na goti, paka amezaa. Ameulizwa, amejibu. Wenziwe barazani watacheka, maana kila mtu ajua jibu ni "njema", hata kama kuna msiba.

Na salamu ndiyo nyepesi. Salamu za pwani zina mpango wake usiobadilika, shikamoo na marahaba, hujambo na sijambo, na kijana anayependa mambo yenye kanuni akishafunzwa huzishika kuliko ndugu zake. Kibarua kipo kwenye utani. Akiambiwa, "Leo umependeza, kwani waenda kuposa?" ataeleza kwa utulivu kwamba ana miaka 15 na hana mchumba. Nasi watu wa huku twasemezana kwa mafumbo hadi kwenye leso.

Haya yanafundishika? Na yakifundishika, ubongo wenyewe hubadilika, au kijana huwa amejifunza kuigiza tu?

Jibu la karibu limetoka Marekani. Elizabeth Laugeson na Fred Frankel wa Chuo Kikuu cha UCLA walitunga masomo ya vijana yaitwayo PEERS, ambayo huchukua wiki 14. Kijana hufunzwa namna ya kuingia katika mazungumzo ya watu, kumwalika rafiki nyumbani na kumjibu anayemdhihaki. Saa hiyo hiyo mzazi yuko chumba cha pili, akifunzwa jinsi ya kumsimamia mwanawe siku zilizobaki za wiki.

Amy Van Hecke na wenzake wa Chuo Kikuu cha Marquette, mjini Milwaukee, waliwapima vijana wa masomo hayo kwa EEG, kipimo ambapo kijana huvishwa kofia yenye vinasa umeme vingi na ubongo wake husomwa bila sindano wala dawa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Kabla ya masomo, mawimbi ya kasi yaitwayo gama yalielemea upande wa kulia wa ubongo. Baada ya masomo yakaelemea kushoto, tofauti na wenzao waliokuwa bado wanangoja zamu. Watafiti huhusisha upande wa kushoto na hamu ya kuwasogelea watu, na wa kulia na kujitenga. Wale walioelemea kushoto zaidi ndio waliokuwa wakikutana na wenzao mara nyingi zaidi.

Kwa hiyo ubongo wa kijana bado hupokea mafunzo. Hilo nalichukua kwa mikono miwili. Lakini EEG huona umeme tu. Haioni kama kijana amefurahi au amechoka kwa kujibana siku nzima ili afanane na wengine.

Kilifi kipimo hiki si kigeni. Kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome Trust, kilichoanza mwaka 1989, kimekitumia miaka mingi kuchunguza kifafa na malaria ya ubongo. Usonji umeanza kushughulikiwa baadaye. Mwaka 2015 Joseph Gona, Charles Newton, Amina Abubakar na wenzao walichapisha utafiti wa Kilifi na Mombasa: wazazi na wataalamu walitaja pepo, uchawi na laana kama vyanzo vya usonji, sambamba na maradhi, matatizo ya uzazi na urithi. Familia huenda kwa mganga na hospitali pia, na sioni ajabu. Mzazi aliyekwama hugonga kila mlango. Mradi wa SPARK, wa Kenya na Ethiopia, nao umeleta mafunzo ya walezi yaliyotungwa na Shirika la Afya Duniani. Ni mazuri, ila yamelengwa kwa watoto wa miaka 2 hadi 9. Kijana akianza kuota ndevu, mafunzo hayo hayamhusu tena.

Kuyabeba masomo ya Marekani mazimamazima hakutafaa. Kule hukazania kumtazama mtu machoni. Huku, kijana anayemkazia mzee macho huambiwa hana adabu, na mwenye usonji anayetazama chini aweza kupita miaka akisifiwa kwa heshima yake, bila mtu kugundua kwamba anahitaji msaada.

Tena, kwa nini afunzwe yeye peke yake? Mwaka 2012 Damian Milton, mwanazuoni Mwingereza ambaye mwenyewe ana usonji, aliandika kwamba kutoelewana kati ya wenye usonji na wasio nao ni kwa pande mbili. Mwaka 2020 Catherine Crompton na wenzake wakalijaribu jambo hilo kwa kupitisha hadithi katika minyororo ya watu wanane wanane. Wenye usonji watupu waliifikisha sawasawa na wasio nao watupu. Ilipotea zaidi pale walipochanganywa.

Ndiyo maana nakifikiria kile chumba cha pili, cha wazazi. Malindi, saa kumi na moja jioni, mama yuko kwenye karai la viazi na baba yuko baharini. Anayeshinda na kijana ni binamu wa rika lake, yule anayemjua kila mtu mtaani. Binamu huyo na wenziwe wa barazani ndio wa kukalishwa humo, na somo lianze baada ya Alasiri, kabla ya mpira wa jioni.