Mabomba, Mota na Maji ya Mweru

Ziwa Mweru halina kina cha kutisha. Upande wa kaskazini-mashariki, kwenye kina chake kikubwa kabisa, ni mita 27 hivi, na huku kusini linakopokea maji ya Luapula ni kina kifupi zaidi. Ziwa Tanganyika, jirani yetu, lina mita 1,470. Hata hivyo sisi tuliozaliwa kisiwa cha Chisenga, tukalelewa kwa samaki wa ziwa hili waitwao pale na chisense, sakafu yake hatujaiona. Tunaijua kwa kamba, kwa upondo, na kwa uzito wa wavu unapogoma kupanda. Mimi ni mwalimu wa sayansi huku Nchelenge, Zambia, na linaloniuma ni hili: mtoto anayelijua ziwa kuliko mimi anaingia darasani, kisha anakaririshwa ubaoni maana ya mgandamizo na nguvu ya kuelea, kana kwamba maji yako nchi nyingine.

Dawa ninayoiamini ni kumpa mtoto huyo mabomba, mota na waya, atengeneze roboti ya kuzamia.

Najua neno roboti linamfanya mtu afikirie maabara za matajiri. Basi tuanzie Phoenix, jimbo la Arizona, Marekani, mji wa jangwani. Mwaka 2004 wanafunzi wanne wa sekondari ya Carl Hayden, Cristian Arcega, Lorenzo Santillan, Luis Aranda na Oscar Vazquez, walisafiri hadi Santa Barbara, California, kushindana kwa roboti ya chini ya maji. Walikuwa vijana wa familia za wahamiaji kutoka Mexico, wasio na vibali vya kuishi Marekani. Walimu wao, Fredi Lajvardi na Allan Cameron, waliwasajili katika daraja la juu, wapambane na vyuo vikuu. Roboti yao ilikuwa mabomba ya plastiki, yale yale ya kupitishia maji nyumbani, na waliiita Stinky kwa sababu gundi ya mabomba ilinuka vibaya. Iliwagharimu dola 800 hivi. Walipofika huko wakagundua kisanduku cha umeme kinavuja, na muda wa kukifungua chote na kukijenga upya hawakuwa nao. Wakaenda dukani kununua tamponi za wanawake, wakazipanga ndani ya kisanduku zinyonye maji. Siku ya mwisho walitangazwa washindi wa jumla, mbele ya timu ya Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, maarufu kama MIT.

Kisa hiki kimeandikiwa kitabu na kutengenezewa filamu. Mimi nikiwasimulia wanafunzi hukaa zaidi kwenye zile tamponi. Hakuna mtihani unaouliza kitu gani hunyonya maji mengi kikiwa kidogo, lakini aliyekwisha kuona maji yakiingia mahali yasipotakiwa atalitafuta jibu mpaka alipate.

Mashindano yale yaliandaliwa na kituo cha MATE cha Monterey, California, kilichoyaanzisha mwaka 2002. Kabla ya hapo, mwaka 1997, Harry Bohm na Vickie Jensen walitoa kitabu cha kumwongoza mtu yeyote kujenga roboti ya majini kwa vitu vya dukani. Mwaka 2003 MIT ikachukua wazo hilo na kuanzisha programu ya shule inayoitwa SeaPerch, ambayo sasa imeenea nchi nyingi. Yapo pia mashindano ya roboti za nchi kavu. Mwaka 2019 mashindano ya vijana ya FIRST Global yalifanyika Dubai, mada ikiwa usafi wa bahari, lakini roboti zilitembea sakafuni zikikusanya mipira iliyowekwa badala ya taka. Ni kazi nzuri. Ila roboti isiyolowa haimfundishi mtoto yale ambayo maji yenyewe hufundisha.

Roboti ya aina ya SeaPerch imejengwa hivi. Fremu ni bomba la plastiki la nusu inchi, likiunganishwa kwa viwiko na viungio vya fundi bomba. Ndani ya fremu hufungwa mota tatu ndogo za volti 12: mbili za kwenda mbele, kurudi na kugeuka, moja ya kupanda na kushuka. Kila mota hutiwa katika kikopo kidogo kilichojazwa nta ili maji yasiingie, na mhimili wake hufungwa panga boi dogo. Umeme hutoka kwenye betri iliyobaki juu, hupita kwenye kisanduku chenye swichi, kisha hushuka kwa waya wa kompyuta, ule wa mtandao. Waya huo una nyuzi 8 ndani. Mota tatu zinachukua 6, na mbili zinazobaki ninazipenda kwa ajili ya kipimajoto.

Kwa nini waya, wakati simu inaongea na mnara bila waya? Wanafunzi wote huuliza, na ni swali zuri. Mawimbi ya redio hufifia upesi sana yakiingia majini, hivyo roboti ikishuka kidogo tu mawasiliano yamekatika. Na waya una ushuru wake. Mita 15 za waya huo, kwenda na kurudi, zina ukinzani wa karibu ohmu 2.5, kwa hiyo mota ikivuta ampea 1, volti 2.5 zinapotelea njiani. Sheria ya Ohm niliyokuwa nikiiandika ubaoni kila mwaka sasa mwanafunzi anaipima mwenyewe kwa mita ya fundi umeme: volti 12 kwenye betri, 9 na nusu kwenye mota. Hapo anaanza kubishana na wenzake kama ni heri waya mnene au waya mfupi. Mabishano hayo ndiyo uhandisi.

Nieleze siku ya pipa, maana ndipo somo lilipo. Tulikuwa na pipa lililokatwa nusu, limejaa maji ya ziwa, na fremu tupu bila mota. Wanafunzi waliiweka majini, ikalala upande kama mtumbwi uliopakiwa vibaya. Wakaongeza misumari upande ulioinuka, nao ukazama wote, ukainuka ule mwingine. Msichana mmoja, ambaye baba yake hutega nyavu, akainamisha uso karibu na maji, akaitikisa fremu taratibu. Mapovu machache yakatoka kwenye kiungio. Akasema kuna hewa imefungiwa kwenye kona. Akachukua msumari wa moto, akatoboa tundu kila pembe, akaizamisha tena. Safari hii mapovu yalitoka mengi, pembe zote, na fremu ikashuka sawasawa hadi chini ya pipa. Kisha akakata vipande vya malapa yaliyochakaa, vile vile wavuvi wanavyotengeneza maboya ya nyavu, akavifunga juu ya fremu kimoja kimoja mpaka ikaning'inia katikati ya maji, haizami wala haipandi.

Sikuwa nimemwambia afunge maboya juu na uzito chini. Alijua, kwa sababu wavu ukifungwa kinyume hausimami. Kazi yangu ilibaki kumpa jina la Arkimedi na hesabu yake: roboti inayosukuma lita 4 za maji inabebwa na maji kwa uzito wa kilo 4. Halafu nikawauliza, tukiipeleka hii Dar es Salaam, baharini? Maji ya chumvi ni mazito zaidi, lita moja ina kilo 1.025 hivi. Roboti yetu iliyotulia Mweru ingeelea juu ya Bahari ya Hindi mpaka iongezwe gramu 100 za uzito. Kwa hesabu hiyo ndogo mtoto wa bara, ambaye hajaiona bahari, ameanza kusoma sayansi ya bahari. Na bahari si ngeni kwetu kama tunavyodhani. Maji ya Mweru hutoka kwa mto Luvua, yakaingia Lualaba, yakawa Kongo, na mwisho wake ni Atlantiki.

Mgandamizo nao una njia yake. Chukua chupa, ipake unga wa chaki ndani, igeuze mdomo chini, ifunge jiwe na kamba, uishushe. Maji yanaingia kadiri hewa inavyobanwa. Ukiipandisha, chaki iliyolowa inaonyesha yalipofika. Kwenye usawa wa bahari hewa hubanwa ikawa nusu ukifika mita 10. Ziwa letu liko mita 917 juu ya bahari, hewa yetu ni nyepesi kidogo, kwa hiyo mita 9 na robo zinatosha. Hapo hapo mwanafunzi anaelewa kwa nini maboya ya malapa yana kasoro: sponji yake ina hewa, hubanwa, na roboti iliyotulia juu huzama ikifika chini sana. Vipande vigumu vya plastiki vyenye hewa iliyofungwa vinafaa zaidi.

Mtu anaweza kuuliza faida yake ni nini kwa watu wanaoishi kwa samaki. Nitajibu kwa historia.

Wazee wa bonde la Luapula husimulia habari za Nachituti, dada yake Nkuba, mwenye Chisenga. Nkuba alimwua mtoto wa dada yake, na Nachituti akamwendea Mwata Kazembe, mtawala wa Walunda, amlipie kisasi. Nkuba alipouawa, Nachituti alimkabidhi Kazembe kikapu cha udongo na chungu cha maji, ndiyo nchi na maji yake. Swali la nani mwenye maji limezungumzwa tangu wakati huo hadi leo. Swali la kinachotokea ndani ya maji limeachiwa wachache.

Tazama yaliyompata mpumbu. Samaki huyo alikuwa akipanda Luapula kutaga wakati wa mvua, makundi kwa makundi. Migodi ya Katanga na ya Copperbelt ilihitaji chakula, wafanyabiashara Wagiriki wa Kasenga, upande wa Kongo, walinunua kila kilichopatikana, na nyavu zikamsubiri mpumbu njiani akiwa bado na mayai. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1950 biashara yake ilikuwa imekwisha. Baadaye tukamgeukia chisense, dagaa wetu, anayevuliwa usiku kwa taa. Sasa mtazame samaki pale. Dume lake huchimba kiota kwenye mchanga wa kina kifupi, na jike hubeba mayai mdomoni. Serikali ya Zambia hufunga uvuvi kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaliane. Watoto wetu huisikia sheria hiyo kama amri tu, kwa sababu hakuna aliyewaonyesha kiota. Kamera ndogo ya kurudishia gari nyuma, ikifunikwa kwa gundi angavu na kufungwa kwenye roboti, inaweza kuwaonyesha siku ambayo maji yametulia.

Nasema maji yametulia kwa sababu upepo ukivuma huku kusini matope huinuka na kamera haioni kitu. Hilo nalo ni somo. Sahani ya sentimita 20 iliyopakwa robo mbili nyeupe na robo mbili nyeusi, ikishushwa kwa kamba mpaka isionekane, hupima uangavu wa maji. Padri Angelo Secchi alianza kupima kwa sahani za namna hii katika Bahari ya Mediterania mwaka 1865, na wanasayansi wa maziwa wanazitumia mpaka leo. Shule inaweza kuandika kipimo hicho kila wiki pamoja na joto la juu na la chini kutoka kwenye zile nyuzi mbili za mwisho. Mweru, kwa ufupi wa kina chake, hukorogwa na upepo, hewa ya oksijeni ikafika chini. Tanganyika ni kinyume: kupita mita 200 hivi hakuna oksijeni, na samaki hawakai. Mwanafunzi mwenye daftari la vipimo vya mwaka mzima ana kitu ambacho hata afisa wa Idara ya Uvuvi atataka kukiona.

Kuna jambo jingine ambalo mzazi yeyote wa pwani hii atalielewa. Maji yetu yana mamba, na kwenye magugu ya ukingoni kuna kichocho. Roboti huingia majini, mtoto akabaki gatini na kisanduku chake cha swichi. Wasichana, ambao mara nyingi huzuiwa kwenda na mitumbwi, hapa hawana sababu ya kuachwa nyuma.

Kinachokosekana si fedha nyingi. Mabomba na viwiko vipo kila duka la vifaa vya ujenzi, betri ya sola ipo kwenye nyumba nyingi, mota ndogo zinatoka kwenye mashine zilizoharibika. Kinachokosekana ni saa mbili kwenye ratiba na mtu anayejua kuchomelea waya. Kwa hiyo nawaomba walimu wenzangu wa Nchelenge, wa Kashikishi na wa ng'ambo ya pili nchini Kongo, Kilwa na Pweto: tafuteni pipa moja na fremu moja, muanze kabla ya kungoja mradi wa wafadhili. Na nyinyi mafundi simu wa Kashikishi, mnaochomelea vitu vidogo kuliko punje ya mchele siku nzima, shule iliyo jirani nanyi inawahitaji Jumamosi asubuhi. Njooni na vyuma vyenu vya kuchomelea.