Kilometa 1,000 za Mwanzo

Watoto wengi huamini kwamba hakuna pikipiki yenye nguvu kama pikipiki mpya. Inang'aa, kiti bado kimevaa nailoni, matairi yana vile vinyweleo vya mpira, na ukiiwasha inaunguruma vizuri. Nani ataiona asitamani kuipiga resi? Leo nawasimulia habari za kijana mmoja wa Makambako, mkoani Njombe, aliyepata pikipiki yake ya kwanza, ya cc 150, kisha akaambiwa asiikimbize.

Ilikuwa pikipiki ya mkataba. Mama mmoja, mfanyabiashara wa mbao, ndiye aliyeinunua. Kijana aifanyie kazi ya bodaboda, kila jioni apeleke hesabu, na mkataba ukiisha kadi ibadilishwe jina, pikipiki iwe yake. Vijana wengi sana Tanzania wanaanza maisha hivyo. Uzuri wa mkataba ni kwamba hakuna anayekuuliza una mamilioni mangapi mfukoni. Ugumu wake ni kwamba hesabu haisubiri. Inadaiwa tangu siku za mwanzo, zile zile ambazo injini inahitaji kuendeshwa kwa upole.

Kabla ya kwenda kijiweni, kijana alipita kwa fundi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hongera kwa chombo. Ila ujue, injini hii haijaisha kutengenezwa. Kiwandani wameianza, wewe ndiye utakayeimalizia."

Kijana alidhani anataniwa. Lakini mzee alisema kweli tupu, na ngojeni niwaeleze kwa nini.

Mmewahi kujaza upepo kwa pampu ya baiskeli? Ndani yake kuna kipande cha mpira au ngozi kinachobana ukuta wa pampu. Kikichakaa, utasukuma mpaka jasho likutoke na tairi lisijae, maana upepo unapenya pembeni na kutoroka. Injini nayo ina bomba lake, silinda, na humo pistoni hupanda na kushuka. Badala ya mpira, pistoni imevishwa ringi za chuma. Petroli inapowaka juu ya pistoni, ringi zinatakiwa kuziba barabara, ili nguvu yote iisukume pistoni chini, na oili iliyoko chini isipande ikaungua.

Sasa, ukuta wa silinda mpya si laini kama mnavyodhani. Kiwandani huchorwa makusudi mikwaruzo myembamba inayokatizana, ili oili ipate pa kushika. Ringi mpya nazo bado hazijazoeana na ukuta huo. Pikipiki inapotembea, vilele vya mikwaruzo husagika polepole, ringi zikajipatia umbo la silinda hiyo hiyo moja, mpaka zikabana sawasawa. Kazi hiyo humalizikia barabarani. Na fikirini mwendo wenyewe: injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, pistoni inapanda na kushuka mara 100 kila sekunde! Ukivuta mafuta mpaka mwisho wakati ukuta bado mbichi, joto linapanda sana, na chuma kinaweza kukikwaruza chuma jeraha lisilopona.

Wapo wanaokosea upande wa pili. Wakisikia "ilee pikipiki," wanaiwasha uani na kuiacha ingurume muda mrefu, au wanakwenda mwendo mmoja wa taratibu kutwa nzima. Huko si kulea. Nguvu ya petroli inayowaka ndiyo inayozisukuma ringi zibane ukuta, kwa hiyo injini isipofanya kazi, ringi hazikai vizuri. Baadaye utaona moshi wa bluu kwenye egzosi, dalili kwamba oili inaungua. Kinachotakiwa ni kubadilisha mwendo. Panda gia, shuka gia, vuta mafuta kiasi, achia, na asubuhi ya baridi ipe injini nafasi ya kupata joto kidogo kabla ya kuondoka. Mizigo mizito milimani isubiri.

Lakini Makambako mizigo haisubiri. Mteja alikuja na gunia la viazi la kupeleka kijijini, kijana akamwomba radhi. Abiria wawili wakataka kupanda mshikaki, akawakataa. Jioni hesabu haikutimia. Akaenda kwa mwenye pikipiki.

"Mama, naomba unipunguzie hesabu kidogo kwa sasa. Injini bado changa, mzee fundi amesema isibebe mzigo."

Yule mama alimpigia fundi simu, akasikiliza, akakubali. Nampenda sana huyu mama. Wenye pikipiki wengi hudai hesabu kamili tangu mwanzo, kisha hushangaa chombo kikitoa moshi kabla mkataba haujaisha, na hasara inawapata wote wawili. Kwa maoni yangu, muda wa kulea injini ungeandikwa ndani ya mkataba wenyewe, na hesabu yake.

Injini haikuwa peke yake. Matairi mapya huteleza, hivyo kona za mwanzo alizipiga bila kulala. Cheni mpya hulegea mapema, nazo spoki zinahitaji kukaguliwa. Fundi alizikagua zote, akakaza palipolegea.

Kisha ikaja siku ya kumwaga oili ya kwanza. Kwa pikipiki nyingi hufanyika kati ya kilometa 500 na 1,000, kitabu cha mwongozo kinasema lini. Fundi alitega karai, akafungua nati ya chini, akachovya kidole kwenye oili iliyokuwa ikitiririka, akakigeuza juani. Kidole kilimetameta. Kulikuwa na vumbi la rangi ya fedha, laini kiasi kwamba huwezi kulihisi.

"Unaona? Huo ni ukuta wako na ringi zako. Ukiliacha humu, linazunguka na kuila injini."

Akaweka oili mpya yenye alama ya JASO MA. Alama hiyo inaonyesha kuwa oili inafaa kwa pikipiki ambayo klachi yake imelowa katika oili hiyo hiyo ya injini. Baadhi ya oili za magari zina vitu vya kupunguza msuguano, na klachi ya pikipiki ikivipata inaweza kuteleza: unavuta mafuta, injini inalia, chombo hakiendi.

Kilometa 1,000 zilipotimia, hesabu ilirudi kuwa kamili. Mtu wa kwanza kupigiwa simu alikuwa yule mteja wa viazi, na gunia lake likafika kijijini. Wale wa mshikaki hawakupigiwa. Hao hata injini ikomae vipi, atawabeba mmoja mmoja.